Mende Haikuja na Kalunde

Haikuja na yeye. Nilisema hivyo ile mwaka, nikasema tena Jumamosi iliyopita huko Kathiani nikiwa nimeshika sahani kwa mazishi ya Kalunde, na nitasema mpaka na mimi nizikwe. Mama Mutuku alikuwa amekaa kwa benchi mbele yangu, amenenepa, magoti yamemshinda, na tulikuwa tunaongea vizuri tu, mambo ya watoto na ya presha. Halafu akageukia mama mmoja wa kanisa aliyekuwa karibu, akamwambia kama mtu anataja mvua ya jana, "Marehemu alikuwa mtu mzuri. Ni vile tu alituletea mende huko Machakos." Akacheka kidogo, kile kicheko cha mazishi cha kufunika mdomo. Yule mama wa kanisa naye akacheka. Hakuwa na ubaya, najua, na hiyo ndiyo ilinichosha kuliko kama angetukana. Mtu amefunikwa sasa hivi, udongo bado mbichi, na kitu moja jirani yake wa zamani anakumbuka ni mdudu. Zamani ningepindua hiyo benchi. Siku hizi niko na umri wa kupewa kiti, kwa hivyo nilisema tu, "Mama Mutuku, haikuja na yeye, na wewe unajua." Akaniangalia. Akasema, "Ndunge, wewe bado?" Kisha akarudi kwa chakula yake.

Bado. Na kwa sababu hakutaka kusikia, nitakuambia wewe.

Ilikuwa ile mwaka ya mvua ya El Nino, wakati barabara zilikatika na mashimo ya vyoo ikafurika. Mimi nilikuwa nimepanga chumba moja upande wa Mjini, Machakos, kwa ploti ya mama tuliyemwita Mwaitu Syombua. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na yeye alikuwa anapenda kuitwa hivyo na kila mtu, hata na wanaume wenye ndevu. Nyumba yake ya mawe ilikuwa mbele, imeshikana na vyumba zetu za mbao, na sisi tulikuwa tumepangwa nyuma yake kama mabehewa ya treni. Ukuta ya mbao haikufika kwa mabati. Ukikoroga chai, jirani anajua umeweka sukari ama hujaweka. Nilikuwa na kitanda, stovu, na cherehani ya kukodisha ambayo ndiyo ilikuwa inanilisha. Kushona hakuna mtu alinifundisha. Nilikuwa ninanunua nguo ya mitumba, naifungua uzi kwa uzi, naangalia mwenye kuishona alikuwa anafikiria nini, halafu naishona tena. Ya kwanza niliharibu, ya pili nikaharibu, baadaye wakaanza kuniletea yunifomu za watoto. Nasema hii ujue nilikuwa mtu wa aina gani. Kitu nikishaifungua mwenyewe nikaona ndani yake, huwezi kuja kuniambia kitu ingine.

Sasa, hiyo ploti ilikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto aliijua. Mpangaji mpya haingizi vitu moja kwa moja. Anafika asubuhi, anaweka kila kitu uani, kitanda inasimamishwa, masanduku yanafunguliwa, sufuria zinapinduliwa, godoro inapigwa na fimbo, na vitu zinakaa kwa jua mpaka saa kumi. Mwaitu Syombua anakaa kwa stuli yake, kuku zake zikizunguka hapo, akingoja kuona nini itatoka. Kama hakuna kitu imetoka, unaingia na unakaribishwa na chai. Mimi mwenyewe nilianikwa. Hata chupi zangu ziliangaliwa, na nilinyamaza, kwa sababu niliona ina maana. Kwa nyumba za kushikana hivyo, mdudu wa mmoja ni mdudu wa wote.

Kalunde alikuja mvua ikinyesha. Alikuwa ametoka Athi River, kazi kwa kiwanda cha nguo imeisha, na alisimama kwa mlango wangu na katoni moja iliyolainika kama ugali na sufuria kubwa kichwani, ndiyo mwavuli. Jua tulikuwa hatujaliona muda mrefu. Ningemwanika wapi? Kabla ya Machakos tulikaa na yeye Athi River, na niliposhikwa na malaria yeye ndiye alitoka zamu ya usiku akanifulia nguo nilizotapikia, bila kusema hata neno moja. Nilimwingiza. Ningemwingiza leo. Mama Mutuku, aliyekuwa jirani yangu wa ukuta moja, alitoa kichwa nje akauliza, "Na kuanika?" Nikamwambia aniletee jua kwanza ndio nianike. Watu wakacheka kwa ile laini yote, hata bwana yake Musyoka, fundi wa mawe, alisikika akisema huyo Ndunge mdomo yake inaweza kuwasha jiko yenye maji. Ilikuwa mzaha. Lakini watu waliiweka mahali, kama mtu anaweka kisu.

Sisi wawili tulikaa vizuri kwa hiyo chumba ndogo. Yeye alilala upande wa ukuta, mimi upande wa cherehani. Alikuwa mtu mtaratibu, mweusi, mwenye kicheko ya puani, na alipika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, vile sijaonja tena mahali popote. Jioni alichemsha maharagwe, kesho yake akamalizia na vitunguu, na saa sita akabeba sufuria mpaka kona ya kwenda soko ya mifugo akapakulia watu. Walikula wapiga debe, walikula wachuuzi wa mbuzi, na alikula Mzee Abdi, Msomali mmoja mrefu wa kununua ng'ombe, aliyekuwa anakuja na kijiko yake mwenyewe kwa mfuko wa koti. Hakuwa anaongea sana. Alikuwa anasema, "Mama, pakua," na akimaliza, "Mama, Mungu akuweke." Kalunde aliniambia hiyo sauti ndiyo ilimfanya asirudi Athi River kusimama kwa geti za viwanda. Kwa mara ya kwanza, alisema, kuna kitu yake, hakuna msimamizi nyuma ya shingo. Alikuwa anasema akishapata kibanda ataweka benchi, si watu kula wamesimama kama punda.

Na maharagwe ya jioni alikuwa anaweka wapi isichache? Kwa friji ya Mwaitu Syombua. Hiyo friji ilikuwa ndiyo moja tu kwa ploti. Kijana yake alikuwa ameileta na pikapu kutoka Nairobi, kutoka kwa hoteli iliyofungwa, na siku ilifika tulipiga makofi. Iliingizwa moja kwa moja, wanaume wakiimba, ikawekwa pembeni ya seti ya viti na ikavalishwa kitambaa cha kushonwa na mikono kama bibi harusi. Tulikuwa wote tunaweka vitu huko. Maziwa ya mtoto ya Mama Mutuku, samaki ya Musyoka siku akipata, maharagwe ya Kalunde. Ilikuwa inanguruma usiku mzima na nyuma yake kulikuwa na joto, nakumbuka, kwa sababu paka alipenda kulala huko halafu siku moja akaacha.

Ile mende ya kwanza tuliiona asubuhi, karibu saa nne. Kalunde alikuwa ametoka kuchukua sufuria yake kwa Mwaitu, akaiweka kwa meza ya cherehani, na Mama Mutuku akaingia kuomba kiberiti. Nilikuwa nashona. Nilisikia kifuniko ikiinuliwa. Nikageuka. Kwa ndani ya kifuniko kulikuwa na mende moja nzuri, ya rangi ya chai ya rangi, masharubu yake yakipima hewa, haina haraka. Ilitembea mpaka ukingo ikasimama, kama inatusalimia. Kalunde aliipiga na kandambili ikaanguka, ikaenda chini ya kitanda. Halafu alifanya kitu ambayo ni Kalunde tu angefanya. Alibeba sufuria yote, maharagwe ya siku nzima, akaenda akamwaga kwa shimo la takataka mbele ya kila mtu, kwa sababu hangeweza kumpa mtu chakula mende imepita juu. Akakosa kwenda kuuza. Na unajua walisema nini kwa bomba ya maji? Mama Mutuku alisema, nikisikia na masikio yangu, ati mtu hawezi kumwaga chakula kwa mende moja. Lazima anajua ziko ngapi.

Basi ikawa ni Kalunde. Hakuanikwa, si ndio? Alikuja na katoni ya Athi River, si ndio? Jioni, kwa ile ukuta ya mbao, Musyoka alikuwa anamwambia bibi yake kwa sauti ya chini, lakini hakuna sauti ya chini kwa mbao, kwamba hiyo muthokoi lakini ilikuwa tamu. Mama Mutuku akajibu, "Utamu ni ya mende." Kalunde alikuwa amelala akiangalia mabati. Alicheka kidogo na pua. Mimi niligonga ukuta na kiatu.

Tulijaribu kila kitu. Tulinunua ile chaki ya mende ya wachuuzi, tukachora mistari kwa mlango, kwa miguu ya kitanda, kwa miguu ya cherehani, mpaka chumba ikakaa kama darasa ya hesabu. Tukamwaga mafuta ya taa kwa nyufa. Tukapuliza dawa mlango ikiwa imefungwa, tukakaa nje kwa mvua tukikohoa. Na hapo ndipo tuliharibu kabisa, kwa sababu kwa nyumba za kushikana hupulizi peke yako. Unaambia laini yote, mnapuliza siku moja. Sisi hakuna mtu angetusikiliza, tukapuliza peke yetu, na zile chache zilizokuwa kwetu zikapanda ukuta, zikapita juu ya mbao, zikashukia kwa Mama Mutuku kwa kabati ya vikombe. Akatoka nje na kikombe mkononi kama ushahidi wa kotini. Aliniambia, "Sasa mnatutumia mende zenu?" Nilimjibu vibaya, sitaandika vile nilimjibu. Mwaitu Syombua akaitwa. Akaja na leso yake mabegani, akasikiliza wote bila kukatiza mtu, kwa sababu alikuwa mtu wa heshima, hiyo siwezi kumnyima, halafu akamwambia Kalunde pole pole, "Mwanangu, hiyo kitu itoke ama wewe utoke. Ploti ina jina."

Ploti ina jina. Na Kalunde je? Kwa kona ya soko walikuwa wameshasikia. Wapiga debe walipita wakiuliza kama leo ni ya nyama. Wengine waliinama kuangalia ndani ya sahani na kuchagua na vidole, wakicheka, na wale waliokuwa nyuma yao wakaona na kuenda kwa mama mwingine. Mtu wa kuuza nguo anaweza kuitwa mchawi na bado auze nguo. Mtu wa kuuza chakula hana kitu ingine isipokuwa mikono yake, na watu wakishaanza kuangalia mikono, amekwisha. Mzee Abdi peke yake ndiye aliendelea. Kuna kijana alimwambia, mzee, hapo ni kwa mende. Alitoa kijiko yake, akaipangusa kwa koti, akasema, "Mimi nimekula na nzi, nimekula na mchanga. Mama, pakua." Kalunde alirudi nyumbani siku hiyo sufuria ikiwa nzito karibu vile alitoka nayo, lakini akaniambia hiyo maneno mara nyingi, akiirudia na ile sauti ya Kisomali, mpaka nikamwambia aolewe tu na huyo mzee tupumzike.

Halafu jua likatoka. Mvua ilikatika kidogo na Mwaitu Syombua akatangaza kwamba Jumamosi ploti nzima itaanika, kila chumba, mwenye mende ajulikane mbele ya macho ya watu na mambo iishe. Nilifurahi, sitadanganya. Nilijua ndani ya katoni ya Kalunde kulikuwa na nini, kwa sababu nilimsaidia kukausha siku alifika. Asubuhi tulitoa kila kitu. Uani ulijaa vitanda vimesimama, magodoro ya madoa, picha za harusi, mabeseni, watoto wakiruka katikati. Katoni yetu ilifunguliwa ya kwanza. Apron ya kiwanda, gauni mbili, Biblia ya Kikamba iliyovimba na maji, sahani za kuuzia zimefungwa na gazeti. Mwaitu alifunua gazeti moja moja na fimbo. Hakuna. Akafika kwa Mama Mutuku, zikatoka mbili kwa kabati, kuku zikamaliza. Akafika kwa wengine, huyu moja, huyu hakuna. Ukiangalia ile laini, zilikuwa zinaongezeka ukienda mbele, ukikaribia nyumba ya mawe. Hiyo haihitaji shule. Ni kama uzi, unaivuta unaona inatoka kwa mshono gani.

Nikasema, "Na friji?"

Mwaitu alisema friji ni kitu ya stima, haianikwi. Nikauliza kama mende huwa inasoma hiyo. Mtu mmoja akacheka akanyamaza haraka. Nilisema kwamba hiyo sufuria ilitoka kwa friji asubuhi ile mende ilionekana, haikutoka kwa katoni, na kwamba friji iliingia hii ploti na makofi bila kuona jua, na kwamba kama ni sheria basi ni sheria. Kalunde alinishika mkono wa nguo akiniambia, "Ndunge, wacha. Wacha, utafukuzwa na wewe." Sikuacha. Nilimwambia Musyoka ashike upande mmoja kama yeye ni mwanaume, na sijui kama ni aibu au ni udadisi, alishika. Tuliichomoa tukaitoa uani ikiburuta kitambaa chake. Tukaiinamisha.

Nimeona mambo mengi tangu hapo na bado naona hiyo. Zilitoka chini ya mota kama mtu anamwaga njugu kutoka kwa gunia. Kubwa, ndogo, nyeupe za kuzaliwa jana. Kuku zilikimbia kwanza, zikiogopa, halafu zikarudi mbio. Watoto walipiga nduru na kuruka juu ya vitanda. Kuku zikaanza kudonoa, na mimi nikageuka nione nyuso za watu, kwa sababu hiyo ndiyo siku niliyokuwa nimeingoja. Mwaitu Syombua alikuwa ameinuka kwa stuli. Aliangalia friji yake muda. Halafu akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "Mnaona. Ziliingia na sufuria yake."

Nilimwangalia Musyoka, akaangalia mikono yake. Nilimwangalia Mama Mutuku, ambaye alikuwa ameona paka akihama, ambaye maziwa ya mtoto yake ilikuwa inakaa kwa hiyo friji kila siku, na joto la Januari halina huruma na maziwa. Aliinamia mtoto akamfunga vizuri mgongoni. Akasema, "Ni kweli, Mwaitu." Na wengine wakaanza kutingisha kichwa, mmoja, mwingine, bila nguvu, kama watu wanaitikia sala ambayo hawaisikilizi. Wakaanza kurudisha vitu zao ndani. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Nilisema yote uliyosoma hapa, kwa mpangilio bora kuliko huu, na walikuwa wakinipita na magodoro kichwani.

Kalunde hakufukuzwa, ujue hivyo. Friji ilipuliziwa dawa, mende zikaisha, na Mwaitu akasema mambo imekwisha, tumsamehe. Hiyo ndiyo ilimmaliza. Alisema angeweza kukaa mahali anachukiwa, Athi River alikuwa anachukiwa na msimamizi na alikaa, lakini hawezi kukaa mahali amesamehewa kitu hakufanya. Aliendelea kwenda kwa kona siku chache. Halafu siku moja Mzee Abdi hakuja. Akangoja mpaka muthokoi ikapoa. Kesho yake pia hakuja. Akafunga ile katoni na kamba, akanunua dawa ya kichwa, akaenda kwao Kathiani. Mzee Abdi alikuwa ameenda Garissa kuchukua ng'ombe. Alirudi baadaye, akasimama kwa kona, akanikuta napita na yunifomu za watu, akaniuliza, "Mama yangu wa chakula yuko wapi?" Kijiko ilikuwa mkononi. Nilimwonyesha tu barabara ya Kathiani na kidole.

Nilihama mwezi uliofuata. Kalunde aliolewa, akazaa, na huko kwao akawa ndiye mama wa kuitwa kila kukiwa na harusi ama mazishi, asimamie mawe ya jiko. Hakuna mtu huko alijua habari ya mende. Nilikuwa namtembelea na tulikuwa tunacheka mambo mengi, lakini hiyo hatukuigusa. Mara moja tu, akipukuchua mahindi, aliniuliza, "Hivi kweli hata mmoja hakuniamini?" Nikamwambia waliamini wote. Akasema, "Ee. Hiyo nilikuwa nafikiri." Akaendelea kupukuchua.

Kwa hivyo Jumamosi, Mama Mutuku alipomaliza sahani yake na kumtuma msichana amwongezee, mimi niliinuka nikaenda kuangalia jikoni. Akina mama walikuwa wamepikia vyombo vya marehemu mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye alikuwa na sufuria kubwa kwa hiyo kijiji. Muthokoi ilikuwa kwa ile ya kuuzia Machakos. Mkono mmoja wa hiyo sufuria ulikatika ile mwaka na nikaushona na waya mimi mwenyewe, si kwa cherehani, kwa koleo. Waya bado iko. Nilirudi nikakaa karibu na Mama Mutuku, nikangoja ameze, nikamwambia hiyo chakula imetoka kwa sufuria gani. Aliacha kutafuna. Aliangalia sahani, akaangalia upande wa kaburi. Nilidhani atatema. Akasema pole pole, "Ndunge, mtoto alikuwa na miezi minne. Ningepeleka maziwa wapi?"

Na akamaliza kula. Nilikuwa nimembebea hasira miaka hii yote kama mtoto mgongoni, na sikupata mahali pa kumshusha. Mtoto wa maziwa alikuwa ndiye Mutuku, mwanaume wa shati nyeupe aliyemleta mama yake na gari, na aliponisalimia alinishika na mikono miwili, "Aunty, pole sana." Nikamwambia asante. Nilikuwa nimechoka.

Sasa wewe unayesoma, unayetingisha kichwa ukisema wale walikuwa watu wabaya. Siku ile uani, jua likiwaka, mtoto wako akiwa mgongoni na maziwa yake kwa friji ya huyo mama, wewe ungefungua mdomo?